Usimuulize Mtu Kama Ameelewa

Karibu wiki nzima sikulala vizuri kwa ajili ya neno moja la Kiingereza ambalo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Neno lenyewe ni *understand*.

Chini ya karatasi ya Bi Mwanakombo wa Mtongwe, pembeni mwa alama ya dole gumba lake, palikuwa na mstari uliosema kwamba mimi nimemsomea maneno yote yaliyo juu kwa lugha anayoijua, na kwamba ameyaelewa. Sahihi iliyokuwa chini ya mstari huo ilikuwa yangu, imekolea wino vizuri. Kila nikifumba macho naiona. Je, alielewa? Alisema ameelewa. Alisema mara tatu. Basi kwa nini alipofika mlangoni alinigeukia akasema maneno yale?

Maneno aliyosema nitawaambia. Kwanza tujuane.

Wadogo zangu, nyinyi wawili mnaokuja kuikalia meza ya karani katika ofisi yetu ndogo ya wakili hapa Likoni, mtaniona mdogo mno wa kuandika kumbukumbu za kazi. Nina miaka thelathini na moja. Lakini meza hii nimeikalia miaka saba, na Ijumaa naiacha naenda kufundisha. Mama Kadzo, aliyenifundisha kazi, alinipigia simu kutoka kwake Mikindani ili anicheke: "Kumbe nawe umestaafu, Profesa! Karibu kwenye chama cha wazee. Tafuta mkongojo." Alipomaliza kucheka akaniambia niwaandikie. "Lakini usiwaandikie kama chuo kikuu," akasema. "Waandikie kama mtu."

Nitajaribu. Mkiniona nazunguka, nivumilieni. Mimi ni mtu wa kulifikiria jambo mpaka jambo lenyewe lichoke.

Kazi yenu ni hii. Karatasi za sheria zinaandikwa kwa Kiingereza. Anayekuja kuzitia sahihi ni mvuvi wa Mtongwe, fundi wa Ziwa la Ng'ombe, mama muuza mboga wa Kisauni. Wengi hawakijui Kiingereza hicho, na wanaokijua hawakijui cha wakili. Kwa hiyo mtu hatii sahihi mpaka asomewe kwa lugha yake, na aliyemsomea aandike chini, kwa jina lake mwenyewe, kwamba mwenzake ameelewa. Huyo aliyemsomea ndiye wewe.

Mnakumbuka shuleni? Mwalimu anajaza ubao mzima, anapangusa chaki mikononi, anageuka: "Do you understand?" Nasi darasa zima, kwa sauti moja kama kwaya ya Pasaka: "Yes, teacher!" Sikumbuki hata siku moja mtu akiitika vingine. Wimbo ule una kiitikio kimoja tu. Niliuimba msingi, nikauimba sekondari, nikauimba chuo kikuu kwa sauti ya chini kidogo, nikapewa shahada ya isimu. Nilipofika kwenye meza hii nikadhani ni wimbo ule ule, ila sasa mwalimu ni mimi. Nasoma, nauliza, naitikiwa, natia sahihi.

Wiki yangu ya kwanza alikuja fundi mmoja wa kujenga, amepoteza kitambulisho, anataka kuapa kwamba kimepotea. Nikamsomea kwa Kiswahili changu cha darasani, nikisema "mtajwa hapo juu" hivi na "mtajwa hapo juu" vile. Nikamuuliza, "Umeelewa?" Akasema, "Nimeelewa sana, dada." Nikashika kalamu. Mama Kadzo, aliyekuwa meza ya pili akitafuna njugu karanga kutoka kwenye mkebe wake wa siku zote, akasema bila kuinua kichwa:

"Kaka, hebu niambie mimi. Karatasi hiyo yasemaje?"

Yule fundi akakuna shingo. "Yasema kitambulisho changu kimepotea. Hapo hamna shida, mama. Lakini huyu Mtajwa simjui. Kama ndiye aliyekiokota, mumuite aje aeleze mwenyewe. Asiwekwe kwenye karatasi yangu."

Mama Kadzo alicheka mpaka njugu zikampalia. Nilimpiga mgongoni mimi mwenyewe, huku masikio yakiniwaka moto.

Baada ya fundi kwenda zake, aliniambia neno ambalo kama mtasahau mengine yote, hili msilisahau. "Usimuulize mtu kama ameelewa. Watu wa pwani hii wana adabu. Ukimuuliza mtu mwenye adabu kama ameelewa, ni kama umemuuliza kama chakula chako kitamu. Atasema nini?"

Mama Kadzo alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja. Alianza ukarani enzi za taipureta, na alikuwa akisema kwamba taipureta ilimfundisha kusikiliza, kwa kuwa ukikosea jina la mtu kwenye mstari wa mwisho unachapa ukurasa mzima upya, na nakala tatu za kaboni chini yake. Kwa hiyo humgusi yule mdudu mpaka umejua mtu anataka nini. "Siku hizi," akasema, "mnafungua karatasi ya mteja wa jana, mnafuta jina, mnatia la leo. Zamani karatasi ya mtu ilianza tupu." Nilimwona mtu wa kale. Nilikuwa na mafaili arobaini kwenye kompyuta, yamepangwa vizuri, kila jambo na kiolezo chake.

Alikuwa na namna zake, nami nimeziiba zote. Hakumkalisha mtu ng'ambo ya meza. Alimvutia kiti ubavuni mwake, wote wawili waitazame karatasi kama watu wanaotazama picha ya harusi. Alizima pangaboi, maana mzee asiyesikia vizuri haombi lizimwe, anatikisa kichwa tu. Karatasi ikishasomwa aliigeuza kifudifudi, akampa mtu chai. Halafu akaanza kuuliza, wala hakuuliza mambo ya sheria. Aliuliza mambo ya mlango na ufunguo. "Haya, baba, ukishatia sahihi, ufunguo utakaa kwa nani? Paa likivuja, nani atapanda juu? Mdogo wako akija na godoro lake kesho, nani wa kumwambia karibu?" Mtu akishajibu hayo, unajua yuko wapi.

Kuna mzee wa Changamwe alisomewa makubaliano ya shamba na jirani yake. Alikuwa akitikisa kichwa tangu mwanzo: ndiyo, ndiyo, naam. Mama Kadzo akamuuliza, "Na mbuzi wako wakitaka kupita kwenda kunywa maji, watapita wapi?" Mzee akaichukua karatasi, akaigeuza huku na huku kama inaweza kuwa na mlango nyuma. Kisha akasimama wima. "Aa! Hapo sitii sahihi! Mnataka kuniulia mbuzi!" Akatoka na kofia yake mkononi. Mimi nilijua tumeharibu kazi. Mama Kadzo akapiga makofi. "Huyo," akasema, "ndiye wa kwanza kuelewa mwezi huu."

Niliyaona yote haya kwa macho yangu, nikayaandika kwenye daftari, nikayapigia mstari kwa wino mwekundu. Mngedhani nilikuwa nimeelewa.

Sasa Bi Mwanakombo.

Nilikuwa na miezi mitano kazini na mkataba wa miezi sita. Mama Kadzo alikuwa amekwenda Kaloleni wiki ile kwa harusi ya mpwa wake. Akaja Rashidi, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mfanyakazi wa yadi ya makontena Changamwe, bado amevaa kikoti cha kung'aa cha kazini. Aliingia kwa Wakili akakaa dakika kumi. Wakili, ambaye si mtu mbaya ila ana haraka ya mtu anayewahi feri siku zote, akatoka na kunipa jina na namba ya kiwanja kwenye kipande cha karatasi. "Nyumba ya mama inakwenda kwa mwana. Tumia ile ya zawadi. Understood?"

"Yes, Wakili," nikasema.

Nilikuwa na maswali mawili. La kwanza, mama ana watoto wengine? La pili, mama mwenyewe amesema hivyo, au amesemewa? Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini Wakili alikuwa amekwisha geuka, na mimi nilikuwa na kiolezo tayari. Nikafuta jina la mteja wa zamani, nikatia la Bi Mwanakombo.

Jumanne Rashidi akamleta mama yake. Bi wa miaka sabini na kitu, mwembamba, kanga mbili zimepigwa pasi, anatembea akishika ukuta kwa sababu ya magoti. Nikamwamkia, akaniitikia kwa kirefu, akataka kujua mimi ni mtoto wa nani, Kisauni sehemu gani, wazee hawajambo. Nikamkalisha ng'ambo ya meza. Pangaboi lilikuwa likizunguka. Wakili alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na mimi, kwa kutaka asikie ninavyoijua kazi, nikasoma kwa sauti ya habari za redio. Nikasema "uhawilishaji wa umiliki". Nikasema "bila masharti wala haki ya kudai hapo baadaye". Jasho lilinitoka. Nikauliza, "Umeelewa, bi?"

"Nimeelewa, mwanangu."

"Hakuna swali?"

"Nimeelewa, nimeelewa sana. Mungu akubariki kwa kusoma."

Akatia dole. Nikatia sahihi. Rashidi akamshika mkono. Na pale mlangoni ndipo Bi Mwanakombo alipogeuka, uso umechangamka, akasema:

"Basi mwanangu, Rashidi akishanimalizia hizi safari za ng'ambo, nitakivunja kile kibanda cha uani nimjengee Mwanaidi wangu chumba cha mawe. Uje uone."

Nami nikamwambia, "Inshallah, bi."

Ndivyo nilivyomwitikia. Mtu ameacha kila ukuta wa nyumba yake dakika mbili zilizopita, ananiambia atavunja na kujenga, nami nasema inshallah na kutabasamu.

Walipoondoka nikaisoma tena ile karatasi, halafu nikaisoma tena. Jumatatu asubuhi Wakili angeipeleka ng'ambo, kisiwani, ikasajiliwe. Ikishasajiliwa, nyumba ya Bi Mwanakombo si yake. Mwanaidi huyo, niliuliza kwa majirani zetu wa ofisi, ni bintiye aliyeachika na anaishi naye na watoto. Kuna mabinti wengine wawili. Na kitu pekee kilichosimama kusema kwamba mama alijua anachofanya kilikuwa sahihi yangu.

Mwajua mtu wa kufikiria sana anavyofanya. Jumatano nilijiambia labda alielewa na ule mpango wa chumba cha uani ni makubaliano yake na mwanawe. Alhamisi nilijiambia mimi ni mkalimani, si mlezi wa watu wazima. Ijumaa nilifikiria kuimwagia chai ile karatasi kwa bahati mbaya, nikapima hata chai ingepaswa kuwa ya rangi au ya maziwa. Nikafikiria na mkataba wangu uliobaki wiki chache, na namna mama yangu anavyowaambia watu Kisauni kote kwamba binti yake anafanya kazi kwa wakili. Nikalifikiria na hilo neno lenyewe. Kwa Kiingereza ni la mtu: yeye ndiye anayefanya kazi ya kuelewa, na asipofanya ni shauri yake. Lakini wazee wetu wa pwani husema "yamenielea", kwamba mambo yamemjia mpaka pale alipo. Wa kuyafikisha ni nani, kama si aliyeyabeba?

Mwisho nikampigia Mama Kadzo, ngoma za harusi nyuma yake. Nikamweleza yote. Akasikiliza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akapaza sauti juu ya ngoma:

"Wewe waniuliza nini, Profesa? Kama hujui la kufanya, si ungelala?"

Akakata.

Jumamosi nikavuka feri nikaenda Mtongwe. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Kisauni, sentensi kwa sentensi. Nilipopiga hodi nikamkuta Bi Mwanakombo uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na sentensi zote zikanitoka kichwani.

"Karibu! Si wewe yule mtoto wa karatasi? Watoka Kisauni na jua hili? Leo utakula wali kwangu. Hebu nishikie hapa niutazame moto." Akainuka kwa kushika ukuta, akanikalisha mahali pake. "Ukune juu juu, uwe unakizungusha kifuu. Usifike kwenye ganda, tui litakuwa jeusi. Umenisikia?"

"Ndiyo, bi."

Nikakuna. Nilikuwa nikiyatafuta maneno yangu, na mikono ikaenda peke yake. Aliporudi akainama, akachota kwa vidole nazi niliyoikuna, akaileta karibu na macho.

"Ala! Mimi nimekwambia nini?"

"Nisifike kwenye ganda."

"Nawe ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo."

"Na hiyo ndiyo yako ulinipa ya kufanyia nini?"

Nikamwambia ukweli. "Bi, sijawahi kukuna nazi maishani. Kwetu twanunua iliyokwisha kunwa. Niliona haya kukwambia."

Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Wallahi, mtoto wa Kisauni hajui mbuzi! Na Kiingereza chote kile!"

Naye alipokuwa bado anacheka, nikaona mlango umefunguka. "Na wewe, bi," nikasema, "Jumanne, ndiyo yako ulinipa ya kufanyia nini?"

Kicheko kikapungua polepole. Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu yake mibovu.

"Nilikuona watoka jasho, mwanangu. Wasoma maneno makubwa makubwa, koo limekukauka, na mkubwa wako yuko chumba cha pili anasikiliza. Nikasema moyoni, mtoto wa watu huyu, nikimwambia sikuelewa ataanza upya, na atakuwa ameaibika. Nikasema nimeelewa, upumzike."

"Ulinionea huruma?"

"Nilikufanyia adabu. Huruma nakuonea leo, kwa hili tui."

Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikamuuliza: Mwanaidi akitaka kujua ulikwenda kutia dole la nini, utamwambiaje?

"Nimekwisha mwambia. Nimemwambia nimempa Rashidi awe miguu yangu. Mimi siwezi tena feri na ngazi za maofisi. Wakiita habari za kiwanja, aende yeye."

"Na nyumba ni ya nani?"

"Nyumba hii uliyokaa ndani yake? Yangu. Nikifa wataigawa wote wanne kwa sheria ya Mungu. Mbona wanitahini?"

Palikuwa na neno ambalo ningeweza kumwambia tangu Jumanne. Ni lake, analijua tangu utotoni, na mimi nililiacha nikatafuta "uhawilishaji" kwenye kamusi. "Bi," nikasema, "ile karatasi ni hiba."

Mkono wake uliokuwa ukipepea moshi ukasimama.

"Hiba?"

"Hiba. Umempa Rashidi nyumba yote, leo, ungali hai. Huna neno juu yake tena, wewe wala Mwanaidi."

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni mila. "Marehemu mume wangu alipompa dada yake hiba ya minazi mitatu, tuliitwa sote, tukakaa kwenye jamvi, kila mmoja akaulizwa na kila mmoja akasema. Minazi mitatu tu. Hiba haifanywi na mtu mmoja chini ya pangaboi." Kisha akainua uso. "Rashidi ajua?"

Rashidi aliingia muda si mrefu, ana samaki kwenye karatasi. Mama yake hakumpa nafasi hata ya kuwaweka chini.

"Rashidi, umenichukulia nyumba?"

"Nyumba gani?"

"Hii! Dada huyu asema nimekupa hiba!"

Nilimtazama usoni, maana kwa siku nne nilikuwa nimemfanya mwizi kichwani mwangu. Mwizi hashiki samaki vile, kana kwamba yule samaki ndiye aliyemsaliti.

"Hiba? Mimi?" Akanigeukia. "Dada, mimi nilimwambia wakili nataka nimpunguzie mama safari. Akaniuliza, iwe kwa jina lako? Nikasema ndiyo, nikijua ni jina la kuitwa ofisini. Akasema mambo mengi ya Kiingereza, akaniuliza sawa? Nikasema sawa."

"Ukasema sawa na hujui?" mama yake akauliza.

"Mama, mtu ana suti na ana vitabu mpaka darini. Ningemwambia nini, arudie?"

Bi Mwanakombo akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Basi wewe ulisema ndiyo hujui. Na mimi nilisema ndiyo sijui. Tuko wawili."

"Watatu," nikasema. Nikawaeleza habari ya Wakili na maswali yangu mawili na "Yes, Wakili" yangu. Nilidhani watanikasirikia. Rashidi alivuta pumzi, akamkabidhi mama yake samaki.

"Haya," akasema Bi Mwanakombo. "Jumatatu nendeni mkaseme hapana."

"Nitakwenda peke yangu, mama," akasema Rashidi. "Jina ni langu."

"Peke yako utasema sawa tena. Na jina la chini kabisa kwenye karatasi ni la mtoto huyu." Akanirudishia kifuu kilichobaki. "Wewe maliza nazi. Juu juu. Na sasa nionyeshe, usiniambie."

Niliimaliza nazi ile kwa muda wa kuandika barua tatu. Wali ulikuwa na vidoadoa vya kahawia, na tuliula wote, pamoja na Mwanaidi na watoto wake. Rashidi akaniambia kwamba tui langu linafaa kupakwa ukutani kabla ya rangi.

Mtaniuliza, sasa kwa nini uliogopa tena? Jambo si lilikwisha? Wadogo zangu, jambo lilikuwa limekwisha Mtongwe. Ofisini lilikuwa halijaanza. Kusema ile karatasi si sawa kulikuwa sawa na kusema niliandika uongo chini yake kwa jina langu, na nikiwa nimesema hivyo, nani ataniamini kwenye karatasi nyingine? Jumapili nzima nilitunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi.

Jumatatu nilifika kabla ya Mama Kadzo, aliyekuwa amerudi usiku uliotangulia. Rashidi alikuwa kwenye benchi la nje, kikoti chake cha kung'aa kifuani kama ngao. Wakili alikuwa akitia mafaili kwenye begi.

"Wakili, karatasi ya Bi Mwanakombo isiende."

"Kwa nini?"

Hotuba ikanitoroka yote, pamoja na utangulizi. "Sahihi yangu iliyo chini si ya kweli. Hakuelewa. Alidhani anampa mwanawe idhini ya kumwakilisha. Na mwanawe alidhani vivyo hivyo. Yuko nje."

Wakili alitazama saa, akanitazama mimi. "Alisomewa?"

"Alisomewa."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili changu."

"Akasema ameelewa?"

"Mara tatu."

"Basi amefanya lake, nawe umefanya lako. Kama wamebadili nia, kuna njia yake, tutaitafuta. Lakini ukianza kuniambia mtu aliyesema ndiyo hakumaanisha ndiyo, tutafungua mafaili mangapi kwenye kabati lile?" Akafunga zipu ya begi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa mtu anayewahi feri. "Tutazungumza jioni. Understood?"

Nilisikia mlango wa nje ukifunguliwa, na mkebe wa njugu ukiwekwa juu ya meza ya pili. Kiitikio kilikuwa tayari mdomoni mwangu, kimekaa pale tangu darasa la pili, hakihitaji hata kufikiriwa. Kilikuwa na sauti nzuri, ya adabu.

Nikainama, nikaifungua ile zipu, nikaitoa karatasi ya Bi Mwanakombo, nikaiweka mezani. Nikachukua kalamu yake Wakili, nikaikata sahihi yangu kwa mistari miwili, nikaandika tarehe pembeni.

"Hapana, Wakili," nikasema. "Sijaelewa. Nieleze tena."

Wakili akaitazama mistari ile miwili. Akaliweka begi chini, akavuta kiti, akanyoosha mkono ukutani na kulizima pangaboi.